Morgan ya Malvern: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimtajia mtu gari la Morgan, hazipiti dakika tano hajakuuliza: "Hivi ni kweli limeundwa kwa mbao?" Hilo nimeliweka namba 9. Mengine nimeyapanga kuanzia ya mtu asiyeijua kabisa kampuni hii hadi ya yule aliyekwisha kusoma na bado ana dukuduku. Jibu likigusa jibu jingine nimeweka namba tu, nisirudie maneno.

## Mambo ya msingi

1. Morgan ni kampuni gani hasa?

Ni kampuni ndogo ya Uingereza inayounda magari ya spoti katika mji wa Malvern, Worcestershire, chini ya vilima vya Malvern. Haijawahi kuhama mji huo. Karakana ya kwanza ilikuwa kando ya barabara ya Worcester. Kiwanda cha sasa, cha Pickersleigh Road, kilianza kujengwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kufikia 1923 kazi yote ilikuwa imehamia hapo.

Udogo wake ndio jambo la kwanza kulielewa. Magari yake hutoka kwa mamia kwa mwaka. Kiwanda kikubwa cha kawaida hufikisha idadi hiyo kwa siku moja au mbili. Wengi hudhani udogo huu ni dalili ya kushindwa, nami nasema sivyo. Historia yote ya Morgan, jinsi ninavyoisoma, ni ya watu waliojua kiasi chao wakakishikilia, hata walipotajiwa bei nzuri ili wakiache.

2. Je, ndiyo hiyo hiyo MG? Au ni ya wale wenye benki?

Hapana kwa yote mawili. MG ni kifupi cha Morris Garages, iliyozaliwa Oxford katika miaka ya 1920, na leo jina hilo ni mali ya kampuni ya SAIC ya China. Benki ya J.P. Morgan ni ya Marekani. Morgan ni jina la ukoo la Kiwelisi lenye wenyewe wengi, basi limegongana tu.

3. Ilianza 1909 au 1910?

Inategemea unahesabu nini. Gari la kwanza lilikamilika 1909. Umma ulilitazama kwa mara ya kwanza Novemba 1910 katika maonyesho ya Olympia, London. Kampuni yenye hisa iliandikishwa 1912. Wenyewe huhesabu tangu 1909, na sherehe ya miaka mia waliifanya 2009, kwa hiyo nami nawafuata.

4. Mwanzilishi alikuwa nani, na mtoto wa kasisi aliupata wapi ufundi?

Henry Frederick Stanley Morgan, maarufu kwa herufi tatu tu, HFS, alizaliwa 1881 Moreton Jeffries, Herefordshire. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na si wa kumsukuma kijana wake kwenye joho kwa nguvu. Alipoona mtoto anapenda vyuma, akamwacha aende kujifunza kazi katika karakana za reli ya Great Western huko Swindon, mahali palipounda vichwa vya treni.

Mwaka 1905 HFS akafungua gereji yake Malvern Link. Aliuza magari ya wengine, akayatengeneza, na akaendesha hata basi dogo la abiria. Usiku alikuwa na jambo lake: alinunua injini ya Peugeot ya silinda mbili akiwa na nia ya kuunda pikipiki, kisha akabadili mawazo akaunda chombo cha magurudumu matatu. Alisaidiwa na William Stephenson-Peach, mwalimu wa uhandisi katika shule ya Malvern College, aliyekuwa na karakana yenye zana ambazo gereji ya kijana haikuwa nazo.

Gari lilipoanza kuuzwa, baba ndiye aliyetoa mtaji na kuwa mwenyekiti wa kwanza wa kampuni. Sehemu hii mimi huipenda kuliko nyingi. Mzee wa kanisa, katika enzi ambayo gari lilikuwa bado ni mchezo wa matajiri, akaweka fedha zake kwenye ndoto ya mwanawe, na akawa anaandika barua magazetini kulitetea gari hilo kila liliposemwa vibaya.

## Enzi ya magurudumu matatu

5. Kwa nini matatu na si manne?

Kwanza ni wepesi. Injini ndogo ikibeba mzigo mdogo hukimbia. HFS hakuwa na fedha za injini kubwa, kwa hiyo akapunguza uzito. Chesisi yake, yaani fremu inayobeba gari zima, ilikuwa mabomba machache ya chuma, injini mbele, gurudumu moja nyuma likizungushwa kwa minyororo. Gia zilikuwa mbili, kila moja na mnyororo wake. Gari la kwanza lilikuwa la mtu mmoja, na halikuwa na usukani wa duara bali mkono wa kusukuma kama usukani wa mashua.

Olympia watu walilisifu lakini wakanunua wachache, kwa kuwa nani anataka gari lisilo na nafasi ya mwenzake? HFS akasikia. Mwaka 1911 akaleta la watu wawili lenye usukani wa duara, na duka kubwa la Harrods la London likakubali kuwa wakala na kuliweka dirishani.

Pili ni kodi. Kuanzia 1921 gari la kawaida nchini Uingereza lilitozwa pauni 1 kwa kila nguvu ya farasi iliyokadiriwa, kwa hiyo gari la farasi 8 lililipa pauni 8 kwa mwaka. Chombo chepesi cha magurudumu matatu kililipa pauni 4 basi, hata kingekuwa na injini ya namna gani. Kwa karani au mwalimu wa shule, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama familia itakuwa na gari au itaendelea na pikipiki.

6. Kwa hiyo ilikuwa bajaji?

Nalielewa swali, lakini tazama magurudumu yalivyokaa. Bajaji ina moja mbele na mawili nyuma. Morgan ina mawili mbele na moja nyuma. Ukikata kona huku umeshika breki, uzito wote hukimbilia mbele upande wa nje. Kwenye bajaji hapo hakuna gurudumu, ndiyo maana hupinduka kirahisi. Kwenye Morgan gurudumu lipo, tena injini imekaa hapo hapo kulikandamiza chini. Dereva anakaa chini sana, karibu akwaruze lami kwa mkono. Chombo kimoja ni cha kubeba abiria mjini kwa mwendo wa wastani, kingine kiliundwa kwa ajili ya kona na vilima.

Kasoro yake ilikuwa nyingine: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilipokuja giaboksi ya gia tatu, Morgan haikuwa na rivasi. Ukiingia mahali pasipopitika, unashuka unasukuma.

7. Kitu hicho kiliwezaje kushindana?

Kwa namna iliyowaudhi wenye magari makubwa. Mwaka 1912 HFS mwenyewe aliendesha saa nzima katika uwanja wa Brooklands akafikisha karibu maili 60, yaani kilomita 96, rekodi ya vyombo vya daraja lake. Mwaka 1913 W. G. McMinnies alishinda mbio za magari mepesi za Amiens, Ufaransa. Baadaye ukazuka ubishi kwamba chombo cha magurudumu matatu ni pikipiki yenye kigari cha pembeni, hivyo hakistahili. Huko Malvern hawakungoja hukumu. Walitoa modeli mpya wakaiita Grand Prix.

Mwaka 1924 ikatokea ajali mbaya Brooklands, gari la E. B. Ware lilipotoka njiani katika mbio za maili 200, yeye na fundi wake wakaumia vibaya. Baada ya hapo magurudumu matatu yakazuiwa kushindana na manne uwanjani hapo. Waliotaka kasi wakatafuta mahali pengine: mwanzoni mwa miaka ya 1930, Gwenda Hawkes, mmoja wa madereva hodari wa kike wa zama zake, alivunja rekodi kadhaa za dunia kwa Morgan katika uwanja wa Montlhéry karibu na Paris.

8. Kwa nini basi waliyaacha?

Austin Seven ndiyo iliyoanza kuwabana, tangu 1922: gari dogo, magurudumu manne, bei inayofikika, watoto wanakaa nyuma. Mwaka 1935 serikali ikapunguza kodi ya farasi, na faida ya pauni 4 niliyoieleza namba 5 ikapungua makali.

HFS alikuwa ameshasoma upepo. Mwishoni mwa 1935 alitangaza gari la magurudumu manne na silinda nne, na kwa sababu hiyo likaitwa 4-4. Liliingia sokoni 1936 likiwa na injini ya Coventry Climax ya cc 1122. Yale ya magurudumu matatu hayakufa siku hiyo. Yale yenye injini ya Ford yaliendelea kuundwa hadi 1952.

## Mbao, bati na chuma

9. Ni kweli chesisi ya Morgan ni ya mbao?

Si kweli, na nitalirudia kila litakapoulizwa. Chesisi ni ya chuma, na katika magari ya karibuni ni ya alumini. Mbao ziko juu yake: ni kiunzi kinachobeba bodi.

Ukitaka kuona kwa macho ya moyo, fikiria jahazi. Kuna mkuku, kuna mataruma, kuna mbao za ubavuni. Katika Morgan, chesisi ya chuma ndiyo mkuku. Kiunzi cha mbao ndicho mataruma. Na bati la alumini au chuma linavikwa juu na kupigiliwa kama mbao za ubavu. Ukiligonga bati, kiunzi ndicho kinacholishika lisilegee. Ukiharibu upande mmoja, fundi hukata taruma bovu akaweka jipya.

Enzi za mwanzo magari mengi ya Ulaya yaliundwa hivyo. Wenzao wakahamia kwenye mashine kubwa za kukandamiza bati zima kwa pigo moja. Mashine hizo ni ghali mno kwa kampuni inayouza magari mia chache, kwa hiyo Morgan wakabaki na maseremala. Tangu hapo watu wakaja kuyapenda magari hayo kwa sababu ya maseremala hao hao.

10. Ni mti gani, na haulipuki moto au kuoza?

Unaitwa eshi, mti wa Ulaya wa jamii moja na mzeituni. Mbao yake ina nyuzi ndefu, hupinda bila kuvunjika na humeza mtikisiko. Ndiyo iliyokuwa ikitengenezea mipini ya mashoka na magurudumu ya mikokoteni. Vipande vya upinde wa juu ya magurudumu ya nyuma havichongwi kutoka gogo: huunganishwa mbao nyembamba tatu kwa gundi, zikabanwa kwenye kalibu hadi zikauke zikiwa zimeshika umbo.

Kuoza kupo katika magari ya zamani, hasa maji yakituama chini ya milango. Ya sasa mbao huzamishwa kwenye dawa kabla ya kufungwa. Moto nao si tishio la pekee. Petroli hushika kabla ya mbao nene haijafikiria kushika. Tishio lenye kuniumiza ni jingine: kuna ugonjwa wa ukungu unaoua miti ya eshi kote Ulaya, na Uingereza uligunduliwa 2012.

11. Kwa nini husemwa Morgan inapiga mgongo?

Kwa sababu inapiga. Springi ya mbele ni mpango wa HFS mwenyewe wa 1909: gurudumu hupanda na kushuka kwenye nguzo ya wima, springi ikiwa imeizunguka nguzo hiyo. Ni rahisi, nyepesi, na kwa mwaka 1909 ilikuwa mbele ya wakati, maana kila gurudumu la mbele lilijitegemea. Ila nafasi ya kupanda na kushuka ni ndogo, na chesisi ya chuma ya zamani nayo ilikuwa ikipinda kidogo njiani. Mpango huo ulidumu, pamoja na marekebisho, hadi chesisi ya chuma ilipostaafishwa 2020. Miaka zaidi ya mia moja kwa wazo la kijana mmoja wa gereji.

12. Injini wanaunda wenyewe?

Hawaundi. Mwanzo walinunua za pikipiki: JAP, Matchless, Blackburne, Anzani. Zikafuata za Ford, Coventry Climax, Standard, Triumph, Rover, kwa muda Fiat, na sasa BMW na Ford.

Wapo wanaolitaja hili kama aibu. Mimi naliona kuwa ndilo lililowaokoa. Kusanifu injini mpya kunameza mtaji ambao kampuni ndogo haina, na wengi walioingia huko walitoka na madeni yaliyowazika. Morgan walinunua injini iliyokwisha kupimwa na mamilioni ya madereva, yenye spea kila mji. Hatari ilikuwa moja: mwenye injini akiacha kuiunda, nawe huna gari. Ndiyo maana orodha ya majina hapo juu ni ndefu. Tazama namba 15 kuona hatari hiyo ilivyogeuka kuwa bahati.

## Le Mans

13. Ni kweli Morgan ilishinda Le Mans?

Ilishinda daraja lake katika mbio hizo za saa 24 za Ufaransa, si mbio nzima. Kwanza, 1938, msichana aitwaye Prudence Fawcett, akipokezana na Geoffrey White, alimaliza saa 24 kwa 4-4 na kushika nafasi ya 13.

Habari kubwa ni ya 1962. Mwaka mmoja kabla yake, 1961, wakaguzi walikuwa wamelikataa gari la Morgan kabla ya mbio. Kwa macho yao lilifanana na kitu cha miaka ya 1930. Mwaka 1962 Chris Lawrence na Richard Shepherd-Barron wakarudi na Plus 4 Super Sports (Plus 4 ni ipi, tazama namba 20) yenye namba TOK 258. Wakakimbia saa zote 24, wakashinda daraja la lita 2 la magari ya GT na kushika nafasi ya 13 kwa jumla, ile ile ya 1938. Gari lililodharauliwa kwa uzee wake liliyapita mapya mengi ambayo hayakuiona asubuhi ya siku ya pili.

## Familia na wanaotaka kununua

14. Walishawahi kutaka kununuliwa?

Zaidi ya mara moja, na kisa cha kwanza kina mzunguko wa ajabu. Mwaka 1910, HFS alipotaka hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya gari lake, michoro ilichorwa na kijana aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya mawakala wa hataza, John Black. Miaka ikapita. Kijana yule akawa Sir John Black, bosi wa Standard Motor Company, na mwaka 1939 kampuni yake ikaanza kumuuzia HFS injini. Baada ya Vita Kuu ya Pili Plus 4 ya 1950 ilitumia injini ya Standard Vanguard ya cc 2088, na baadaye za Triumph TR.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Black akaja na ombi la kuinunua Morgan yote. Fikiria nafasi waliyokuwa nayo: anayetaka kukununua ndiye anayekuuzia injini. Wakamkatalia kwa heshima, na injini zikaendelea kuja. Nadhani bila ule urafiki wa mchoraji na mwenye gereji jambo lingeweza kwenda kombo.

15. Na Rover je? Plus 8 ilitoka wapi?

HFS alifariki 1959. Mwanawe Peter Morgan akashika usukani. Mwaka 1966 Rover wakaja na pendekezo la kuichukua kampuni. Peter akasema hapana, kisha akauliza kama wangemuuzia injini yao mpya ya V8, yaani ya silinda nane, ile ya alumini iliyotokana na Buick ya Marekani. Wakati huo Triumph walikuwa wanaiacha injini ya silinda nne aliyokuwa akiitegemea.

Matokeo yake yalionyeshwa 1968: Plus 8, cc 3528, ndani ya gari jepesi lenye sura ya kabla ya vita. Kwa kuondoka kwenye taa za barabarani ilikuwa inayaacha magari ya bei kubwa zaidi. Iliundwa hadi 2004, miaka 36. Katika kipindi hicho Austin-Healey, Triumph na MG ya Abingdon, wote waliokuwa wakubwa kuliko Morgan na waliomezwa na makampuni makubwa zaidi, walifungwa mmoja baada ya mwingine.

16. Hawakuwahi kujaribu sura ya kisasa?

Walijaribu mwanzoni mwa miaka ya 1960: Plus 4 Plus, bodi ya faibaglasi yenye paa la duara. Wapenzi wa Morgan wakakunja uso, na wapenzi wa usasa hawakuja. Yaliundwa 26 tu. Leo hutafutwa kwa udi na uvumba kwa sababu ya uchache huo.

17. Ni kweli watu walingoja miaka kupata gari moja?

Kweli kabisa. Kiwanda kilikuwa kikitoa magari tisa hivi kwa wiki, na foleni ilikuwa ya miaka kadhaa. Wapo walioandikisha majina ya watoto wao.

Mwaka 1990 BBC ilimpeleka kiwandani Sir John Harvey-Jones, aliyewahi kuongoza kampuni kubwa ya kemikali ya ICI, awakague mbele ya kamera. Akaona magari yakisukumwa kwa mikono kutoka banda moja hadi jingine kando ya mteremko, akashtuka. Akashauri waongeze bei, waongeze uzalishaji, wapunguze foleni. Peter na mwanawe Charles walimsikiliza, wakakataa mengi ya aliyoyasema. Kipindi kiliporushwa, oda ziliongezeka.

Kwa haki, baadhi ya ushauri ule ulikuwa wa kweli, na miaka iliyofuata Charles alibadili mambo mengi ya kiwandani pole pole. Lakini foleni ile ilikuwa na faida moja ambayo mgeni hakuipima: uchumi ulipoyumba na wengine wakakosa wateja, Malvern walikuwa na kazi ya miaka mbele.

18. Aero 8 ilikuwaje, na kwa nini ilikuwa na makengeza?

Ilitoka 2000: chesisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, injini ya BMW ya V8 ya lita 4.4, na juu yake bado kiunzi cha eshi. Ni kazi ya Charles Morgan, aliyekuwa mpiga picha za habari wa televisheni kabla ya kurudi nyumbani 1985.

Makengeza yalitokana na taa. Kampuni ndogo haiwezi kuagiza taa zake yenyewe, kwa hiyo walichukua za Volkswagen New Beetle, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto, gari likawa linatazama pua yake. Baadaye walibadili wakatumia za Mini. Wapo wanaolipenda lile la makengeza, nami ni mmoja wao.

19. Bado ni ya familia?

Si kama zamani. Peter alifariki 2003. Mwaka 2013 Charles aliondolewa kwenye uongozi na kisha kwenye bodi, jambo lililowauma wengi waliozoea kuona Morgan akiwa ndani ya Morgan. Mwaka 2019 hisa nyingi zilinunuliwa na Investindustrial, mfuko wa uwekezaji wenye asili ya Italia uliowahi kuwa na hisa za Aston Martin. Familia ilibaki na sehemu ndogo.

Swali linalofuata huwa ni kama roho imeuzwa pia. Kiwanda ni kile kile, maseremala wapo, na Plus Six ya 2019 ilileta chesisi mpya ya alumini na injini ya BMW ya silinda sita. Kwa upande wangu, nilipoona mbao zimebaki katika gari jipya, wasiwasi ulipungua ingawa haujaisha.

## Maswali ya pembeni

20. 4/4, Plus 4, Plus Four: tofauti ni nini?

4/4 ni lile la 1936 (namba 8), lenye injini ndogo. Kabla ya vita liliandikwa 4-4. Plus 4 ni ya 1950, injini kubwa zaidi. Plus Four, nne ikiandikwa kwa neno, ni gari jipya la 2020 lenye chesisi ya alumini na injini ya BMW ya lita 2. Ukinunua spea, kosa la tarakimu moja hapa litakugharimu.

21. Magurudumu matatu yamerudi?

Yamerudi 2011, yakiwa na injini ya pikipiki ya S&S ya Marekani, cc 1983, imetokeza mbele wazi kama zile za kale. Mwaka 2022 ikafuata Super 3, yenye injini ya Ford ya silinda tatu, lita 1.5. Hii ya sasa ina rivasi.

22. Nimesikia kuna Morgan za Marekani zinazotumia gesi. Uzushi?

Si uzushi. Baada ya vita Marekani ilikuwa soko lao kubwa kuliko yote. Sheria za moshi na usalama zilipokaza mwanzoni mwa miaka ya 1970, Morgan hawakuwa na fedha za kupima magari yao upya. Wakala mmoja wa San Francisco akapata njia: akayabadili yatumie gesi ya propeni, ambayo sheria za moshi wa petroli hazikuihusu. Kwa miaka mingi Morgan iliingia nchini humo ikiwa na mtungi wa gesi nyuma.

23. Itakuja ya umeme?

Walionyesha EV3 ya magurudumu matatu 2016, mradi ukasimamishwa. Mwaka 2023 walitoa gari la majaribio, XP-1. Kizuizi ni kile kile cha namba 12, kwani lazima apatikane mkubwa wa kuwauzia mtambo.

24. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuwa nayo?

Usukani uko upande wetu, hiyo ni nafuu. Kenya kwa kawaida haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Plus 8 ya 1970 usiipigie hesabu kabla hujauliza mamlaka. Tanzania ushuru wa uchakavu hupanda kadiri gari linavyozeeka. Halafu kuna matuta: tumbo la Morgan liko karibu na ardhi, na soma tena namba 11 kuhusu mgongo.

25. Naruhusiwa kutembelea kiwanda?

Ndiyo, kuna ziara za kulipia zenye kiongozi, na ni vyema kuweka nafasi mapema. Utapita banda kwa banda: chesisi, useremala, bati, rangi, ngozi. Nenda siku ya kazi. Kwa fundi atakayekwenda, simama kwa muda mrefu kwenye banda la maseremala, hapo wanapoupa mlango nafasi yake kwa randa na karatasi ya msasa, wakiufunga na kuufungua, mpaka ujifunge kwa kidole kimoja.